Shamba la Kijijini Ukiwa Ughaibuni: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Hela

Swali linarudi kila mwezi, limebadilishwa maneno tu: "Kuna shamba linauzwa kijijini, bei nzuri, kaka yangu ameliona. Nitume hela?" Anayeuliza anaweza kuwa dada anayefanya kazi za ndani Muscat, au fundi wa zege Doha. Wote wana wazo moja kichwani: mkataba ukiisha nisirudi mikono mitupu, niwe na kitu changu ardhini.

Wazo ni zuri. Lakini shamba siyo mkufu wa dhahabu unaoufungia kabatini. Shamba linakula hela kila msimu, lina sheria zake na lina majirani. Likikaa bila mtu linarudi porini, na mara nyingine linarudi kwa kijiji. Kwa hiyo leo tunalichambua kwa mfano wa mahali halisi ili tusiongee hewani. Tunakwenda Amani, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga.

Kwa nini Amani

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "Muheza" atakutajia machungwa. Ukimwambia "Amani" wengi hawajui. Wajerumani waliijua mapema. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko juu, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wakaleta miti kutoka sehemu nyingi za dunia. Leo kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, kuna mashamba makubwa ya chai, na katikati yake kuna vijiji vya wakulima wadogo, wengi wao Wasambaa, katika kata kama Amani, Mbomole, Misalai na Zirai.

Kijiji cha huko hakifanani na kijiji cha tambarare. Nyumba zimekaa kwenye miteremko, shamba la huyu liko juu ya paa la yule. Mvua ni nyingi, takriban milimita 1,900 kwa mwaka pale Amani. Masika barabara ya kupanda kutoka Muheza inakuwa utelezi, na bodaboda anayekupandisha anajua bei yake. Watu wanalima migomba, magimbi na mihogo ya kula, na viungo vya kuuza: hiliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu. Wengine wanafuga ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani. Hela taslimu inapita kwa msimu, na kati ya msimu na msimu watu wanaishi kwa kukopeshana dukani na kwa vibarua vya chai.

Sasa hapo ndipo riyali yako inapoonekana kubwa. Mtu wa kijijini ana mtoto anayeingia sekondari, au ana mgonjwa, anataka kuuza heka moja. Wewe uko Oman, umepokea mshahara. Bei inasikika nafuu. Kabla hujatuma, tuangalie mambo matatu: ardhi yenyewe ni ya nani, itakugharimu kiasi gani mpaka ikupe kitu, na nani ataishika ukiwa mbali.

Ardhi ya kijiji siyo kiwanja cha mjini

Sehemu kubwa ya mashamba ya vijijini Tanzania Bara iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Msimamizi wa ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji, na inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wote watu wazima. Siyo ardhi ya mwenyekiti peke yake, wala siyo ya mtendaji wa kijiji kwa sababu yeye ndiye anashika mhuri.

Maana yake kwako ni hii. Karatasi uliyoandikiana na muuzaji, hata ikiwa na mashahidi kumi na alama za dole gumba, haitoshi. Uhamisho unahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji, na kibali hicho kinaonekana kwenye muhtasari wa kikao. Bila kibali, muuzaji akija kugeuka, au watoto wake wakiibuka baada ya yeye kufariki, unasimama mahakamani na karatasi dhaifu. Na sheria inataka anayehamishiwa awe anaishi kijijini au anakusudia kuishi na kufanya kazi pale. Kwa hiyo ukiwa mzaliwa wa kijiji hicho, au familia yako iko pale, kikao kinakuelewa haraka. Ukiwa mgeni kabisa unayetaka "uwekezaji", jiandae kujieleza.

Jambo la pili: shamba la mtu au la ukoo? Katika vijiji vya Usambara ardhi nyingi imerithiwa. Babu alifyeka msitu, akagawa kwa wanawe, wanawe wakagawa tena. Anayekuuzia anaweza kuwa mmoja kati ya ndugu sita, na watano hawana habari. Usiridhike kusikia "ni langu". Taka ndugu zake wakubwa na mke wake wawepo kwenye makabidhiano na watie sahihi. Mke anayelima shamba hilo kila siku ana haki, na sheria haimruhusu mume kumuuzia chini ya miguu.

Dada zangu mnaofanya kazi za ndani, hili mlishike vizuri: sheria hiyo hiyo inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Hakuna sababu ya kisheria ya shamba lililonunuliwa kwa jasho lako kuandikwa jina la kaka au la mjomba "kwa kuwa wewe ni mtoto wa kike na haupo". Akikuambia mwenyekiti hakubali jina la mwanamke, muulize ni kifungu gani. Hakipo.

Jambo la tatu: mipaka, maji na hifadhi. Amani imejaa vijito, na vijito vinaingia Mto Zigi, ambao ndio unaonywesha jiji la Tanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Heka iliyobonyea kando ya kijito, udongo mweusi, migomba imenawiri, ndiyo inayovutia kwenye picha ya WhatsApp, na ndiyo hiyo sehemu yake kubwa unaweza kuambiwa usiilime. Vilevile shamba linalopakana na hifadhi lazima mtu aende akaone vigingi kwa macho. Watu wa Amani hawajasahau habari ya msitu wa Derema, ambapo miaka ya 2000 wakulima waliokuwa wakilima hiliki ndani ya msitu waliondolewa na kulipwa fidia ya mazao yao ili eneo liunganishwe na uhifadhi. Kule mashina ya hiliki ndiyo yaliyohesabiwa. Tunalolipata hapo ni kwamba mazao ya kudumu ni mali, na yanapaswa kuhesabiwa na kuandikwa: mikarafuu mingapi, midalasini mingapi, mashina ya hiliki mangapi, siku unayonunua.

Na kipimo. Wengi wakisema "heka" wanamaanisha ekari, na kijijini inapimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua za mzee mfupi kwenye mteremko na hatua za kijana mrefu kwenye tambarare siyo ekari moja. Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wa karibu mita 64 kwa 64. Simu ya mkononi yenye programu ya ramani inapima vizuri kuliko miguu. Mtu wako azunguke mipaka na majirani wote wanaopakana, na kila kona ipandwe kitu kisichohama, masale au mkonge.

Kifungu ambacho kila aliye nje anapaswa kukijua

Hiki ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaeleza ni wakati gani ardhi inahesabika kuwa imetelekezwa. Sababu ya kwanza watu wanaijua: kutotumia shamba kwa miaka 5 au zaidi. Sababu nyingine wengi hawaijui: mwenye ardhi ameondoka nchini bila kuacha mtu wa kuwajibika na ardhi hiyo, na bila kuiarifu halmashauri ya kijiji.

Soma tena. Ameondoka nchini. Hapo ni wewe na mimi tunaongelewa.

Haina maana kwamba ukipanda ndege tu shamba limekwenda. Halmashauri inatakiwa kutoa tangazo kwanza. Lakini tangazo linabandikwa ofisi ya kijiji na shambani, halibandikwi Muscat. Kama hakuna mtu wako wa kulisoma, muda unapita. Na wanakijiji hawafanyi hivyo kwa ubaya. Kijana wa miaka 22 ambaye hana pa kulima, akiona heka mbili za mtu asiyeonekana zimejaa magugu kwa miaka 6, atauliza kwenye mkutano, na swali lake lina haki.

Kuna pia muda wa kudai. Kesi ya kudai ardhi ina ukomo wa miaka 12. Mtu akiingia shambani kwako, akalima, akajenga, na wewe ukanyamaza miaka 12 kwa sababu "nitamalizana naye nikirudi", unaweza kukuta mlango wa mahakama umefungwa.

Dawa yake ni rahisi na karibu haina gharama. Andika barua kwa halmashauri ya kijiji, ukurasa mmoja: jina lako, shamba liko kitongoji gani, linapakana na nani na nani, uko nchi gani kikazi, na nani unamwacha awajibike. Barua ipokelewe, nakala igongwe mhuri na tarehe, ibaki nyumbani kwenu. Ukibadilisha msimamizi, andika nyingine. Kama anayekuwakilisha atatia sahihi mambo makubwa kwa niaba yako, kama kupokea hati au kusimama kwenye shauri, andaa hati ya kumpa mamlaka hayo na uithibitishe ubalozini. Iseme wazi anaruhusiwa nini, na iseme wazi pia kwamba haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani.

Lengo la mwisho ni hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji kikiwa na cheti chake cha ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaweza kuomba hati hiyo, nayo inaingizwa kwenye masijala ya ardhi. Kwa mwanakijiji haina kikomo cha miaka, inarithishwa, na inaweza kuandikwa majina ya wawili, mke na mume au dada na mdogo wake.

Hesabu: bei ya kununua ni nusu tu ya safari

Sasa tuingie kwenye kazi yangu. Namba zinazofuata ni za kufundishia hesabu, siyo bei za soko. Weka za kijiji chako.

Tuchukue dada anayelipwa riyali 100 Oman. Baada ya hela ya nyumbani na matumizi yake, anaweza kutenga riyali 30 kwa mwezi kwa ajili ya shamba. Tuchukulie riyali 1 ni shilingi 6,500. Mkataba wake ni miaka 2, yaani miezi 24. Hela yote ya shamba kwa mkataba mmoja ni riyali 720, sawa na shilingi 4,680,000.

Kaka yake anamwambia kuna heka 2 kwa shilingi 3,000,000. Anaona hela inatosha na chenji inabaki. Hebu tuendelee:

Kununua: 3,000,000.
Ada za kijiji, kupima, nauli na makaratasi: 400,000.
Kusafisha shamba na miche: 600,000.
Msimamizi, 60,000 kwa mwezi: 720,000 kwa mwaka.
Palizi mara 3, kila moja 120,000: 360,000 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 5,080,000. Tayari amepita hela yote ya mkataba kwa shilingi 400,000. Na bado shamba halijatoa kitu. Hiliki na pilipili manga zinaanza kukupa kitu cha maana kuanzia mwaka wa 3. Mdalasini unasubiri miaka kadhaa kabla ya kukata na kumenya maganda. Mkarafuu ni wa kusubiri zaidi, miaka 6 hadi 8, ingawa ukishaanza unazaa kwa miongo. Ukiongeza msimamizi na palizi za mwaka wa 2 na wa 3, kila mwaka 1,080,000, jumla inafika 7,240,000. Hiyo ni zaidi ya riyali 1,100.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mkataba unaisha, hela ya palizi inakatika, magugu yanafunika miche, na dada anarudi nyumbani anaoneshwa kichaka. Ndugu wanagombana, kila mtu anatafuta nani alikula hela. Mara nyingi hakuna aliyekula. Hesabu ndiyo haikutosha tangu siku ya kwanza.

Sasa fanya heka 1. Kununua 1,500,000. Ada na makaratasi 300,000, maana haya hayapungui kwa nusu. Miche na kusafisha 300,000. Msimamizi wa muda, 30,000 kwa mwezi, 360,000. Palizi 180,000. Mwaka wa kwanza ni 2,640,000. Mwaka wa 2 na wa 3 ni 540,000 kila mmoja. Jumla ya miaka mitatu ni 3,720,000, karibu riyali 573. Dada yetu anaimudu ndani ya mkataba mmoja na anabakiwa na shilingi 960,000 za dharura.

Angalia na mpangilio wa muda. Mwaka wa kwanza wa heka 1 unahitaji karibu riyali 406 mkononi. Kwa riyali 30 kwa mwezi, hiyo ni akiba ya miezi 14. Kwa hiyo anakusanya kwanza miezi 14, ndipo ananunua. Asinunue mwezi wa 3 kwa kutanguliza nusu bei na kuahidi nyingine. Malipo ya nusu nusu kijijini ndiyo mlango wa ugomvi: muuzaji anakula ya kwanza, bei inapanda, au anatokea mnunuzi wa pili.

Njia za kupunguza mzigo zipo. Panda migomba na magimbi katikati ya miche. Magimbi yanatoka ndani ya mwaka, mkungu wa kwanza wa ndizi hauko mbali na hapo, na vivuli vya migomba hiliki inavipenda. Hela hiyo haitakutajirisha, lakini inaweza kulipa palizi. Njia nyingine ni kununua shamba dogo ambalo tayari lina miti inayozaa, hata kwa bei ya juu kidogo, kwa sababu unalipia miaka ya kusubiri ambayo mtu mwingine ameshasubiri. Na ya tatu, kama nyumbani kwenu kuna ardhi ya kutosha, huna haja ya kununua: panda miti kwenye ardhi ya familia kwa maandishi yanayosema miti hii 40 ya mkarafuu, iliyopandwa tarehe fulani, ni ya fulani, na ardhi inabaki ya ukoo. Watu wa pwani wamezoea tangu zamani kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Itumieni desturi hiyo, ila iandikeni.

Nani anashika shamba

Tuongee ukweli kuhusu ndugu. Katika daftari za watu wanaokuja kwangu kuomba wasuluhishiwe hesabu, wizi wa makusudi upo. Lakini kinachoonekana mara nyingi zaidi ni mchanganyiko. Unatuma 200,000 kwa kaka, moja kwa moja kwenye simu yake, ukisema "ya mama na ya shamba". Wiki hiyo mama anaugua. Kaka anafanya nini? Anampeleka mama hospitali, kama ambavyo wewe ungefanya. Palizi inasubiri. Mwezi unaofuata anaona aibu kukuambia, anakutumia picha ya zamani. Uongo mdogo umezaa uongo mkubwa, na ulianza na mgonjwa.

Hela isiyo na jina hutumika kwa shida iliyo karibu. Kwa hiyo ipe jina:

Kwanza, tenganisha laini. Hela ya matumizi na matibabu ya wazee ipite njia moja, hela ya shamba ipite njia nyingine. Ikiwezekana hata mtu awe mwingine: kaka ashike ya mama, shemeji ashike ya shamba. Ujumbe wa muamala ndio risiti yako ya kwanza, usiufute.

Pili, mlipe msimamizi. Hata akiwa mjomba. "Ni ndugu, atanisaidia" maana yake shamba lako litapaliliwa baada ya lake, na hapo hajakosea. Ukimlipa una haki ya kumuuliza. Usipomlipa, unaomba hisani. Na kama hela ya kila mwezi ni ngumu, patana naye mgao wa mavuno, theluthi au nusu, muuandike kabla ya kupanda.

Tatu, lipia kazi iliyofanyika. Palizi ya kwanza ikifanyika, picha ije ikiwa na kitu kile kile cha kutambulisha, mkarafuu wa kona ya juu au jiwe kubwa, ndipo hela ya palizi itumwe. Kibarua wa kijijini hawezi kungoja wiki tatu, kwa hiyo nawe usicheleweshe. Heshima ni ya pande zote.

Nne, jua vipimo vya mavuno. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa takriban kilo 1 kavu. Ukiambiwa "tumevuna kilo 60", uliza mbichi au kavu kabla hujapiga hesabu ya kuwa tajiri au kabla hujamshuku mtu. Na kataza kuuza mazao yakiwa bado mtini. Shida ikibana, mchuuzi anatoa hela leo kwa bei yake, kisha anakuja kuvuna kesho kwa bei ya soko. Kule Kagera mauzo ya namna hiyo ya kahawa yana jina kabisa, butura. Viungo vina mtego ule ule. Zile 960,000 za dharura kwenye hesabu yetu ya heka 1 ndizo zinazokulinda na mtego huo.

Tano, kuwa mtu wa kijiji. Michango ya darasa, zahanati na misiba siyo hela iliyopotea. Siku ya mgogoro wa mpaka, baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7 na wasiopungua 3 wakiwa wanawake, linasuluhisha kwa kuwasikiliza majirani. Kazi yake ni kusuluhisha, halikati hukumu. Lakini jirani anayekumbuka kwamba ulituma rambirambi alipofiwa na mama yake, atakumbuka pia masale ya mpaka wako yalikuwa wapi. Ambaye hajawahi kukusikia atasema hajui, na hatakuwa amedanganya.

Kwa wasio wa Tanzania Bara

Wasomaji wetu wa Kenya, kwenu shamba la kilimo lina hatua ya ziada: ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano ya mauzo. Bila ridhaa hiyo, makubaliano yanabatilika. Usilipe yote kabla haijatoka. Na kama uko Uingereza au Marekani na umeshachukua uraia wa huko, kumbuka tofauti: Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Aliyebadilisha uraia asinunue ardhi ya kijiji Tanzania kwa jina lake kimya kimya, wala asijifiche nyuma ya jina la binamu bila ushauri. Pita ubalozini kwanza na kwa wakili.

Anza na hivi mwezi huu

Kama tayari una shamba: piga simu nyumbani uulize mambo manne tu. Muhtasari wa kikao cha kijiji upo? Jina lililoandikwa ni la nani? Miti iliyopo imehesabiwa? Barua ya kuiarifu halmashauri kwamba uko nje imeshapelekwa? Jibu likiwa "hapana" popote, anza na barua, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayokukinga mapema zaidi.

Kama bado hujanunua: chukua karatasi, andika bei, kisha chini yake andika palizi na msimamizi wa miaka 3. Jumlisha. Gawa kwa kiasi unachoweza kutenga kwa mwezi. Ukipata miezi mingi kuliko iliyobaki kwenye mkataba wako, punguza ukubwa wa shamba, usipunguze palizi. Heka 1 iliyopaliliwa ina thamani kuliko heka 3 za kichaka, na ukirudi nyumbani utaweza kuizunguka asubuhi moja, ukijua kila mkarafuu umepandwa mwaka gani na kwa mshahara wa mwezi upi.